Waligomea Kilabu Chao Wenyewe Wakakipata

Haya ni maneno aliyoyasema mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa tawi. Tunayachapa kama yalivyosemwa, maana yafaa yasomwe na matawi mengine pia.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, dada zangu, na vijana wa chama.

Nimeombwa niseme maneno machache juu ya jambo lililotukusanya hapa leo, yaani ile barua ya ofisi ya mji inayotaka mabenchi ya kahawa yaliyo chini ya mwembe yaondolewe, na wanywaji wote wahamie katika banda jipya, ambako mwuza kahawa atalipa kodi ya kibanda kila siku. Nimewasikia wasemaji walionitangulia. Mmoja amesema tuandike barua. Wa pili amesema barua tatu zimekwisha andikwa na hata moja haikujibiwa. Kijana mmoja pale nyuma, nami simtaji, amesema dawa ya moto ni moto. Huyo akapigiwa makofi mengi kuliko wenziwe wote, na makofi hayo ndiyo yaliyonitia hofu. Basi naomba ruhusa yenu niuache mwembe wetu kwa muda kidogo, niwapeleke mbali, huko Uingereza, katika mji mdogo uitwao Lewes, nikawaonyeshe kilabu cha pombe.

Najua hapa wamo masheikh, na wamo ndugu zetu walokole, na wamo wengine ambao tangu kuzaliwa hawajaonja tone. Msinikasirikie. Sikuja kuwasifia pombe. Nimekuja kusema habari za watu wadogo walioamriwa na watu wakubwa, na jinsi walivyoshinda pasipo kuvunja hata kioo kimoja. Kama mambo haya yangetokea katika duka la kahawa, ningewapeleka kwenye kahawa. Lakini yametokea kwenye bia, nami sina uwezo wa kuyageuza.

Mji wa Lewes uko kusini mwa Uingereza, karibu na bahari, katika jimbo la East Sussex. Watu wake kwa hesabu ya mwaka 2011 walikuwa kama elfu kumi na saba tu. Lakini watu wa huko ni wakaidi kwa asili. Mwaka 1264 mfalme wao Henry III alipigwa vitani hapo hapo na mabwana waliochoka na utawala wake, wakiongozwa na Simon de Montfort, akakamatwa. Kila mwaka tarehe 5 Novemba watu wa mji hupita barabarani na mienge ya moto kuwakumbuka Waprotestanti 17 waliochomwa pale katika karne ya kumi na sita. Wakubwa wamejaribu mara nyingi kuukataza moto huo, na mwaka 1847 waliletwa hata polisi kutoka London, lakini mpaka leo moto unawashwa. Watu wa jimbo hilo wana msemo wao wa zamani, ambao kwa lugha yetu ningesema hivi: sisi hatuswagwi. Ng'ombe ndiye aswagwaye, mtu huombwa.

Tena yupo mtu mmoja aliyekaa mji huo ambaye yafaa kila mpenda uhuru amjue. Jina lake Thomas Paine. Alifika Lewes mwaka 1768, naye alikuwa ofisa mdogo wa ushuru, kazi yake kukagua bia, tumbaku na bidhaa nyingine ili Serikali ipate kodi yake. Yaani alikuwa mtu wa ofisi, mwenye kalamu na daftari. Lakini jioni alikuwa akienda katika hoteli iitwayo White Hart, ambako watu wa mji walikutana, wakanywa na kujadiliana. Hapo alijifunza kusema na kujibiwa, kushinda na kushindwa kwa maneno. Mwaka 1772 akaandika kijitabu cha kuwatetea maofisa wenzake waliokuwa na mishahara ya njaa. Mwaka 1774 akafukuzwa kazi, akavuka bahari kwenda Marekani, na Januari 1776 akatoa kile kitabu chake kidogo kiitwacho Common Sense, kilichowaambia watu wa makoloni yale kwamba haifai kisiwa kutawala bara zima. Miezi sita baadaye Marekani ikatangaza uhuru wake. Basi msidharau mahali wanapokutana watu wa kawaida kunywa na kuzungumza. Uhuru wa taifa kubwa ulipata mazoezi yake ya kwanza mezani, kati ya vikombe.

Sasa nije kwenye kilabu chenyewe. Kinaitwa Lewes Arms. Ni nyumba ndogo ya zamani, imejibanza chini ya kilima cha ngome, ina vyumba vidogo vidogo, na watu hukaa wakasemezana uso kwa uso. Nacho ni kilabu cha vituko. Wanacho kila mwaka mchezo wa kushindana kutupa punje za njegere, nani atatupa mbali zaidi, wala hawaoni haya kuuita mashindano ya dunia. Wanao mchezo mwingine ambao mtu husimama katikati ya duara na tambara lililochovywa katika bia iliyochacha, akalirusha kwa kijiti awapige wanaomzunguka wakicheza. Mtu wa ofisi akiona mambo hayo atauliza: yana faida gani? Hayana faida. Hata bao letu chini ya mwembe halina faida ya kuandikwa katika daftari. Lakini mzee aliyefiwa na mkewe akija pale jioni, harudi nyumbani na msiba wake peke yake. Nani atapima hiyo?

Katika mji huo huo wa Lewes, ukingoni mwa mto Ouse, kipo kiwanda cha bia cha ukoo wa Harvey, ambao walianza biashara yao tangu karne ya kumi na nane. Kutoka kiwandani mpaka kilabuni ni mwendo wa miguu wa dakika chache. Bia hiyo ndiyo waliyoipenda wanywaji wa Lewes Arms kuliko nyingine zote. Lakini nyumba yenyewe haikuwa mali ya kiwanda hicho. Tangu mwaka 1998 ilikuwa mikononi mwa kampuni kubwa iitwayo Greene King, yenye makao yake Bury St Edmunds, mji wa mbali upande wa mashariki, na kampuni hiyo nayo hutengeneza bia yake. Yafaa mjue kwamba Uingereza ipo desturi ya siku nyingi, kwamba kampuni ya bia hununua nyumba za kuuzia bia, na mwenye kuiendesha nyumba hufungwa kwa mkataba auze kile anacholetewa na kampuni. Mnywaji huulizwa anachotaka, lakini huchagua katika yale aliyokwisha chaguliwa.

Mwezi wa Desemba mwaka 2006, kampuni ikatoa amri kwamba bia ya Harvey iondolewe, iuzwe ya kampuni. Watu wakasema hapana. Wakapeleka maombi yenye majina zaidi ya elfu moja. Mbunge wao, Bwana Norman Baker, akawa upande wao. Kampuni haikugeuka. Maana wakubwa waliokaa mbali wana ugonjwa mmoja popote walipo, wawe wa Serikali, wawe wa kampuni, wawe wa halmashauri: wana hesabu, na hesabu haina masikio.

Mtaniuliza, kwa nini hawakwenda kushitaki katika ofisi ya mji? Hilo ni swali zuri. Sheria ya leseni iliyotungwa Uingereza mwaka 2003, na kuanza kutumika Novemba 2005, iliwatoa mahakimu katika kazi ya kutoa leseni za pombe, ikawapa halmashauri za miji. Lakini sheria hiyo imeiambia halmashauri itazame mambo manne: kuzuia uhalifu, usalama wa watu, kuzuia kero, na kuwalinda watoto. Hakuna mahali panaposema halmashauri itazame kama watu wa mtaa wanakipenda kilabu chao, au kama kimenyang'anywa roho yake. Basi mtu angeweza kupanga foleni mchana kutwa, akafika dirishani, akaambiwa kwa adabu kabisa kwamba shauri lake halina faili. Ndugu zangu, hakuna mlango mgumu kuliko ule ambao mwenyewe anakwambia hayupo mtu wa kukufungulia.

Watu hao walikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza walikuwa wameionja. Katika miaka ya kwanza ya karne hii wakubwa wa jimbo waliweka mashine za kutoza ada ya kuegesha motokaa katika njia za Lewes, na watu wasiojulikana wakawa wanazilipua usiku kwa fataki. Watu walicheka sana, nami nakiri kwamba niliposikia nilicheka. Lakini mwenye kutaka kutengeneza mashine hutengeneza kwa fedha za nani? Za yule yule aliyecheka. Njia ya pili ndiyo waliyoifuata sasa. Waliamua kususia. Na angalieni ugumu wake: hawakususia nyumba ya adui. Walisusia nyumba waliyoipenda, mlango ambao baba zao waliuingia. Wakati wa baridi kali, sikukuu ya Krismasi na Mwaka Mpya, walisimama nje na makaratasi yao, wakamweleza kila aliyekuja kwa nini asiingie. Hawakumpiga mtu, hawakumtukana mtu. Aliyetaka kuingia aliingia, lakini aliingia akijua anafanya nini.

Wiki ya kwanza kampuni ilingoja. Labda ilifikiri ni hasira za mafuta ya taa, zitawaka na kuzima. Mwezi ukapita, wa pili ukapita. Biashara ya kilabu ikaanguka vibaya, habari zikaandikwa katika magazeti ya nchi nzima, na kampuni kubwa ikawa kichekesho kwa sababu ya nyumba moja ndogo chini ya kilima. Mwisho, mwezi wa Aprili 2007, baada ya siku 133, kampuni ikasalimu amri. Ikakiri kwamba haikupima sawasawa uchungu wa watu. Bia ya Harvey ikarudi, na watu wakarudi.

Siku 133, ndugu zangu. Kususia siku moja ni rahisi, hata mtoto anaweza kususia chakula mpaka saa ya njaa. Siku ya themanini, mvua inanyesha, wenzako wawili wamekwisha choka, na moyoni unajiuliza kama unajisumbua bure, hapo ndipo inapojulikana kama ulikuwa na shauri au ulikuwa na kelele.

Labda yuko atakayesema: hao ni Wazungu, wana nafasi ya kugombania ladha ya bia, sisi tuna njaa. Nakubali kwamba mgomo wao haukuwagharimu damu. Lakini jambo lenyewe si geni kwa Mwafrika. Mwaka 1908 katika jimbo la Natal, Afrika ya Kusini, ilitungwa sheria iliyoziwezesha serikali za miji kushika peke yake kazi ya kupika na kuwauzia Waafrika pombe ya kienyeji. Mji wa Durban ukajenga vilabu vyake, na mama aliyepika nyumbani ili alishe watoto akageuzwa mhalifu. Faida ikatumika kuendesha ile idara ya kuwatawala Waafrika, yaani Mwafrika alinunua kwa fedha zake kamba ya kufungiwa. Nairobi nako Baraza la Mji lilifanya vivyo hivyo, likafungua kilabu chake Pumwani katika miaka ya 1920. Mwaka 1929 watu wa Durban walivigomea vilabu vya mji, na tarehe 17 Juni mwaka huo, umati wa Wazungu ulipoizingira nyumba ya chama cha wafanyakazi, watu wakauawa. Katika miji midogo ya Natal akina mama waliviingilia vilabu vya halmashauri na fimbo mikononi, wakawatoa wanywaji nje. Na mwezi wa Juni 1959, huko Cato Manor, kando ya Durban, akina mama waliinuka tena, na polisi wakawapiga kwa virungu.

Kwa hiyo, mkiniuliza Lewes na Durban vinahusiana vipi, nitajibu kwamba swali ni moja. Nani mwenye mamlaka juu ya mahali watu wanapokaa pamoja? Ni yule mwenye muhuri, au ni wale wanaokaa? Durban swali liliulizwa na mtu aliyenyimwa kura, nyumba na hata haki ya kutembea, kwa hiyo lilijibiwa kwa virungu. Lewes liliulizwa na mtu mwenye kura yake, likajibiwa kwa karatasi. Sisi leo tunayo kura. Wazee wetu waliipigania. Basi ni aibu kutumia jiwe mahali ambapo kuna njia nyingine, na ni aibu vile vile kuwa na kura halafu tuogope karani.

Kuna fundisho jingine. Baada ya mambo kama haya kutokea mahali pengi, sheria yenyewe ilibadilishwa. Mwaka 2011 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria inayowaruhusu watu wa mtaa kuomba jengo wanalolithamini liandikwe katika orodha ya halmashauri kuwa mali yenye manufaa kwa jamii. Jengo likiandikwa, mwenyewe akitaka kuliuza, watu wa mtaa wanaweza kupewa muda wa miezi sita watafute fedha za kulinunua. Kilabu cha kwanza kuandikwa ni Ivy House, huko London kusini. Mwaka 2013 watu wa mtaa ule walikinunua kwa hisa, wenye hisa 371. Na kabla ya sheria hiyo kuwako, mwaka 2003, watu wa kijiji cha Hesket Newmarket, kaskazini mwa Uingereza, walikwisha kukinunua kilabu chao kwa ushirika. Hapo ndipo shauri linapofika mwisho wake mwema. Maana ukisusia ukashinda, mwenye nyumba bado ni yule yule, na kesho anaweza kuamka na amri nyingine. Lakini nyumba ikiwa ya ushirika, amri inatoka kwenye mkutano.

Basi nirudi kwenye mwembe wetu. Ofisi ya mji inasema mabenchi yanachafua. Kama ni kweli, tufagie sisi wenyewe kuanzia kesho asubuhi, ili neno hilo tulifute. Ofisi inasema banda jipya ni bora. Bora kwa nani? Mwuza kahawa wetu anauza vikombe vya senti kidogo kidogo. Akilipa kodi ya kibanda kila siku, ama atapandisha bei, na mchukuzi wa sokoni hatakunywa, ama atafunga kazi, na watoto wake hawatasoma. Hilo ndilo lililo mbele yetu.

Shauri langu ni hili. Hakuna atakayetia mguu kunywa kahawa katika banda jipya. Hakuna atakayevunja kitu, wala kumtukana askari wa mji, maana naye ametumwa na mshahara wake hautoshi, kama wale maofisa wa ushuru aliowatetea Paine. Tutasimama karibu na banda kwa zamu, wawili wawili, tukamweleza kila mtu kwa heshima. Diwani wetu aitwe mbele ya tawi aseme yuko upande gani, na jibu lake liandikwe, tulikumbuke siku ya kura. Na mwuza kahawa, ambaye atapata hasara mbele yetu sote, tumchangie. Hapa ndipo nitakapojua nani alipiga makofi kwa moyo. Mgomo ambao mnyonge mmoja anaubeba mgongoni kwa niaba ya wote si mgomo, ni dhuluma nyingine. Na tukishinda, tusiende kulala. Tuunde ushirika mdogo, tukikodi kiwanja kile kwa maandishi, ili mwembe uwe na karatasi yake na ofisi isiwe na la kusema.

Yule kijana wa moto ni moto namwomba awe wa kwanza katika zamu. Nguvu anayo, na anaipenda kahawa. Kama anaweza kutupa jiwe mara moja usiku, basi aweze kusimama juani siku 133 mchana, mbele ya watu, bila kujificha uso. Hiyo ndiyo kazi ngumu, na hiyo ndiyo inayotisha ofisi.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Daftari la zamu liko mezani hapa mbele, na kopo la mchango liko kando yake. Mimi jina langu nimekwisha kuliandika. Kidole kimoja hakivunji chawa. Njoni.